Makaburi kama masanduku, marehemu yumo ndani?

Swali: Anko shikamoo, mi niko Uingereza nafanya kazi ya kutunza wazee, juzi nikapita uwanja wa kanisa la St Mary's pale Painswick nikakuta makaburi ya mawe kama masanduku na meza za duara, yaani familia na familia, sasa hivi mtu kalazwa humo ndani juu ya ardhi au? Na majina mengine hayasomeki kabisa.

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, lile sanduku ni tupu bwana, ni pambo tu la kuonyesha ukoo ulikuwa nazo, marehemu yuko chini, kaburini. Wengi pale ni matajiri wa vitambaa vya sufu wa miaka ya 1600 na 1700, hela ilikuwepo na mafundi mawe walikuwepo, maana eneo lote la Cotswolds, vile vilima ambako Painswick ipo, lina mawe mazuri ya chokaa ya kuchonga. Fundi mmojawapo, John Bryan, yeye kaburi lake ni la umbo la piramidi, sijui kama uliliona.

Majina yanafutika sababu jiwe la chokaa linaliwa na mvua, halafu kuna ule ukoga unaoota juu ya mawe. Usije ukakwangua na brashi ya chuma tafadhali! Piga picha asubuhi au jioni jua likiwa chini, herufi zinatoa kivuli. Ikishindikana, omba rejista za parokia, Uingereza walianza kuandika mazishi tangu 1538.