Bando Lako Si Leseni: Maneno Machache kwa Madijei wa Kusini

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa Masasi kwenye sherehe ya kipaimara. Maturubai mawili, viti vya kukodi, pilau linanukia hadi barabarani, na mimi nyuma ya kontrola na laptopu yenye nyimbo arobaini na kitu tu. Nyingine zote zilikuwa mtandaoni. Nilikuwa nimejilipia akaunti ya jukwaa moja la muziki, nikajiona mjanja: mgeni akiomba wimbo natafuta, unakuja, napiga. Kujaza diski kwa nini?

Siku hiyo nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Sisi pale chini ya turubai hatukuwa na habari za nyaya. Nilichokiona ni kiduara kinazunguka kwenye kioo, na MC ameshatangaza kwamba wazazi wanaingia. Nikabadilisha laini. Nikawasha simu ya pili. Nikapanda juu ya kiti, mkono hewani, kama mtu anayeangua maembe. Mwishowe wazazi wakaingia kwa wimbo uleule walioingia nao wasimamizi dakika kumi nyuma. Mama mmoja alipita karibu na meza yangu akasema, bila ukali wowote, "Baba, leo umetupa wali mkavu."

Nilirudi Mtwara na aibu yangu. Mtandao ulipotulia nikaamua kusoma masharti ya ile huduma, yale ambayo siku ya kujiunga niliyabonyeza "nakubali" bila kuyatazama. Nilikuwa natafuta kama kuna namna ya kuhifadhi nyimbo. Nikakutana na jambo lingine kabisa: akaunti yangu ilikuwa ya matumizi binafsi, yasiyo ya biashara. Yaani hata mtandao ungekuwa wa moto siku ile, kule Masasi sikuwa na ruhusa ya kuitumia. Na si jukwaa hilo peke yake. Spotify, iliyoingia Tanzania 2021, inasema hivyohivyo. Apple Music nao. YouTube ya kulipia nayo. Ile hela ya kila mwezi inanunua haki ya wewe kusikiliza ukiwa kitandani, jikoni, au kwenye bajaji na earphone zako. Ukiunganisha spika nne na watu mia tatu, hilo ni jambo jingine.

Najua utaniambia, "Mbona programu za DJ zinaunganishwa na majukwaa?" Kweli zinaunganishwa. Ila jiulize nani ameshika swichi. Julai 2020 Spotify ilijiondoa kwenye programu za DJ, na waliokuwa wameitegemea wakaamka maktaba yao haipo. Mwaka 2025 ikarudi kwenye baadhi ya programu, katika baadhi ya nchi. Sharti la matumizi binafsi halikuondoka. Mimi siwezi kujenga kazi yangu juu ya kitu kama hicho. Natumia majukwaa kufanya mazoezi na kusikiliza kilichotoka wiki hii, basi.

Sasa sheria yenyewe. Huku kwetu tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wimbo mmoja una haki kadhaa ndani yake, na kila moja ina mwenyewe. Kuna aliyetunga. Kuna aliyeimba na aliyerekodi, hao ndio wa hakishiriki. Halafu, kwa upande wako wewe DJ, kuna maswali ambayo watu huyachanganya: nakala uliyonayo umeipata wapi, na je, mahali unapoipiga pana ruhusa ya kupiga muziki hadharani? Moja halijibu lingine. Unaweza kununua wimbo kihalali kabisa na bado ukumbi hauna leseni. Na ukumbi unaweza kuwa na leseni safi, wewe ukaingia na flashi uliyojaziwa nyimbo elfu mbili stendi kwa bei ya soda.

Na "hadharani" ni pana kuliko tunavyodhani. Sheria inazungumzia mahali ambapo watu walio nje ya familia na jamaa wa karibu wapo au wanaweza kuwapo. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya mwanao sebuleni, cheza. Harusi ya ukumbini yenye kadi za mchango mia nne, usiniambie wote ni jamaa wa karibu, hata kama Kusini sisi wote ni watani au mashemeji.

Hili la ukumbi nilijifunza kwa kuaibishwa pia. Miaka ya nyuma nilikuwa napiga kila Ijumaa kwenye baa moja Mtwara mjini, sitaitaja. Wakaja maofisa wawili, wastaarabu tu, wakaomba kuona leseni ya muziki. Mwenye baa akaninyooshea kidole: "DJ ndiye anapiga, mwulizeni yeye." Mimi, na headphone shingoni, nikajibu kwamba mimi nimekodiwa. Tukabaki tunarushiana mpira mbele ya wateja. Baadaye mhudumu akakumbuka kuna karatasi. Akaivuta kutoka nyuma ya friji ya bia, ina vumbi na alama ya mende, na muda wake ulikuwa umeisha miaka miwili nyuma. Muziki ukazimwa. Ijumaa ile sikulipwa, na mwenye baa aliona ni haki yake kutonilipa kwa kuwa "hukumaliza kazi".

Kwa kawaida leseni ya kupiga muziki hadharani ni ya biashara au ya mwenye tukio, maana yeye ndiye anayevuta wateja kwa muziki ule. Lakini kisheria anayepiga naye hayuko nje ya jambo. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kupokea malipo ya awali, nauliza swali moja: "Leseni ya muziki ya hapo ipo? Naomba picha yake." Si picha ya leseni ya biashara, si ya vileo. Ya muziki. Ikija, naangalia tarehe. Isipokuja, naandika kwenye makubaliano kwamba kuipata ni jukumu la mwenye ukumbi, na kazi ikisimama kwa sababu hiyo malipo yangu yako palepale. Makubaliano yenyewe ni ujumbe wa WhatsApp wenye mistari sita, na anajibu "nimekubali". Kuna waliokasirika, wakasema najifanya mwanasheria. Wawili hawakunipigia tena. Sawa.

Wapi pa kuuliza? COSOTA. Wengi bado wanaifahamu kama chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye haki kazi zao zinapotumika, lakini mabadiliko ya sheria ya 2022 yaliigeuza kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, msimamizi, na ukusanyaji ukafunguliwa kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha. Kwa hiyo mtu akija na kitabu cha risiti anasema anakusanya fedha za muziki, muulize kwa heshima ana idhini ya nani, kisha piga simu COSOTA uhakikishe. Usimfukuze, usimpe hela ya mkononi. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni jambo jingine, hao ni usajili wa wasanii na vibali vya kazi za sanaa. Kadi ya BASATA haikupi ruhusa ya kupiga nyimbo za watu.

Turudi kwenye nakala, maana hapa ndipo penye raha. Wasanii wa hapa wanataka tupige nyimbo zao, wengine wanatufuata hadi nyumbani. Basi usiridhike na faili iliyopita kwenye makundi manane ya WhatsApp hadi ikalia kama redio ya mkulima. Mwombe msanii faili ya WAV, yaani sauti kamili isiyobanwa, aitume kama dokumenti na si kama sauti, na mwombe aandike maneno haya au yanayofanana: "Nakuruhusu DJ fulani kuupiga wimbo wangu fulani kwenye shughuli zako na kuuweka kwenye miksi zako." Ujumbe huo uhifadhi. Nina folda nzima. Muulize pia kama ana lebo. Msanii akishasaini na kukabidhi haki zake, ruhusa anayokupa kwa moyo mweupe huenda si yake tena kuitoa. Na prodyuza aliyetengeneza biti muulize naye, hasa kwenye singeli, ambako biti moja inaweza kuwa na vipande vya nyimbo tano za watu.

Kwa nyimbo za nje, nanunua chache chache kwenye maduka ya mtandaoni ya Bandcamp na Beatport, kila shughuli inayolipa vizuri natoa kidogo. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, wakati kila kijiji Tandahimba kina sherehe, ndio nanunua za mwaka mzima. Zipo pia huduma za nje za kulipia kila mwezi zilizoundwa kwa ajili ya madijei, ukipakua faili inakaa kwako. Na bado, kumbuka, hiyo ni nakala tu. Leseni ya ukumbi haijaguswa.

Kuna kosa moja ambalo sijalisikia likizungumzwa na madijei wa miji mingine. Kijana mmoja alinipa rekodi ya simu ya nyimbo za unyago, amezichukua nyuma ya nyumba wakati wali, mabinti waliofundwa, wanatoka. Ngoma tamu, sauti za kina mama, makofi. Nikaziwekea besi chini, nikazipiga baa. Watu walipagawa. Mama wa makamo aliyekuja kumfuata mumewe akasimama mlangoni, akasikiliza, akaja hadi kwenye meza. "Mwanangu, hiyo si ya hapa." Akaondoka. Baadaye niliambiwa ni kungwi, mwalimu wa unyago.

Nilifikiri nyimbo za jadi hazina mwenyewe. Kumbe sheria hiyohiyo ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi: ukizitumia kwa kujipatia faida na nje ya mazingira yake ya kimila, unahitaji idhini, na hapo ndipo BASATA inaingia. Ila hata sheria isingekuwapo, yule mama alikuwa amemaliza. Faili niliifuta usiku uleule.

Vivyo hivyo zile za zamani. Wazee wakiomba muziki wa dansi, usijidanganye kwamba zimekuwa za wote. Ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Piga hesabu, bado tunaielekea 2029. Familia zipo.

Kuhusu kuweka miksi mtandaoni nitasema kidogo tu, maana mengi utayajua ikishakupata. YouTube ina mfumo unaoitwa Content ID unaotambua wimbo hata ukiongea juu yake na kuweka jina lako kila sekunde kumi. Mara nyingi matokeo ni kwamba matangazo yanamlipa mwenye wimbo, au video inazuiwa. Hilo si onyo, usipaniki. Onyo lenyewe ni pale mwenye haki anapoomba video iondolewe. Ukipata matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa na kila kitu kilichomo. Miksi zangu nazipeleka Mixcloud, jukwaa la kusikilizia miksi, ambao wana mikataba ya leseni kwa ajili ya miksi na wanalipa mirabaha. Ni nzito kidogo kwa bando letu, wasikilizaji ni wachache kuliko YouTube, lakini nalala.

Jana usiku kamati ya harusi moja ya Newala ilinipigia. Bei tumeelewana, tarehe tumeelewana, bibi harusi anataka sebene kabla ya keki. Nikauliza leseni ya ukumbi. Mwenyekiti akanyamaza kidogo, akasema, "Ngoja nimuulize mwenye ukumbi." Mpaka naandika hapa, tiki mbili za bluu, jibu hakuna.