Mwenzenu akizima, msimfiche

Nilikuwa kidato cha tatu, Pemba, upande wa Konde. Kwetu tembo la mnazi halikutafutwa mbali. Mgema akiliteremsha asubuhi ni tamu. Halitiwi kitu, linachacha lenyewe, na likifika alasiri limekuwa kali. Sisi tulilisubiri la alasiri.

Siku moja, baada ya mitihani, mmoja wetu akaja na chupa ya gongo. Gongo haina kipimo, hata aliyeipika hajui ukali wake. Tulikuwa wanne. Kabla ya magharibi aliye mdogo kati yetu akazima, hajitambui kwa ulevi. Tukamburura hadi migombani, tukamfunika majani makavu, tukenda zetu kukoga na kutafuna karafuu midomo isinuke. Nikasali nyuma ya baba huku magoti yananitetemeka.

Roho ya mwenzangu sikuifikiria kabisa. Nilichoogopa ni fimbo, na watu watasemaje.

Aliyemuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa akitafuta mbuzi wake. Alimkuta kalala chali, matapishi yamemjaa kinywani, akamgeuza ubavu, akapiga kelele za kuita watu.

Wanafunzi, pombe ni haramu na hilo mnalijua tangu chuo cha Kurani. Ila mwenzenu akizima, mlazeni ubavu, kaeni naye, mwiteni mtu mzima, apelekwe hospitali. Msimmwagie maji ya baridi: pombe imeshaupunguza mwili joto. Kahawa na ndimu haziitoi pombe kwenye damu. Ini ndilo linaloiondoa, tena polepole, na iliyobaki tumboni inaendelea kuingia mwilini hata akiwa usingizini. Kwa hiyo anayesema "mwacheni alale, itamtoka" anamweka mwenzake pabaya.

Wazazi wenzangu, mwanangu sasa yuko kidato cha pili hapa Unguja. Nimemwambia: saa yoyote, popote ulipo, nipigie, nitakuja, na maneno tutayazungumza kesho yake. Mama yake alihisi namfungulia mlango. Tulibishana siku mbili. Nilimsimulia habari ya migombani, ambayo miaka yote sijawahi kumwambia, akanyamaza.

Mwezi uliopita simu ililia saa nne usiku. Hakuwa yeye aliyekunywa, ni rafiki yake. Nilipofika nilimkuta kakaa chini mchangani, kamlaza mwenzake ubavu, kamshika bega asigeuke.