Maswali ya Wasomaji: Kutoka Mikononi Hadi Daftarini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Ninafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Goma, upande wa Ndosho. Tangu masomo ya msingi katika shule za serikali yafanywe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yetu yamefurika, nami nina watoto zaidi ya 60. Tukifika kwenye nusu, theluthi na robo, wengi wao huandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5, ingawa kanuni wameikariri na wanaitamka pamoja bila kukosea. Nimesikia kwamba kazi za mikono zingewasaidia, lakini direkta wetu anasema kwamba huo ni mchezo, kwamba utaleta makelele, na kwamba programu lazima iishe kabla ya mtihani wa taifa. Nifanye nini, hali sina hata rula za kutosha? (Mwalimu, Goma)

JIBU: Mwalimu mpendwa, watoto wako hawakosei kwa uvivu. Anayeandika 2/5 amejumlisha namba za juu, kisha akajumlisha za chini, kwa kuwa machoni pake 1/2 ni namba mbili zilizotenganishwa na mstari, wala si kiasi kimoja cha kitu. Ukimrudishia kanuni unamwongezea namba juu ya namba. Anachohitaji ni kitu anachoweza kukishika, kitakacholikataa jibu lake mbele ya macho yake.

Tafuta karatasi imara. Karatasi ya nje ya mfuko wa simenti, ikishakung'utwa na kufutwa vumbi vizuri, inafaa sana na haigharimu kitu. Kata vipande vyenye upana wa vidole viwili na urefu wa sentimita 30. Urefu huo una sababu yake: 30 hugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 5 na kwa 6 bila kubakisha kitu, na rula yako moja itatosha kuvipima vyote nyumbani. Kila kikundi cha watoto sita kipate vipande vinne: kimoja kibaki kizima, cha pili kikatwe nusu mbili, cha tatu theluthi tatu, na cha nne sehemu tano zilizo sawa.

Kabla hawajagusa chochote, kila mtoto aandike jibu analolitarajia, kwa maana asiyebashiri kwanza hutazama tu mikono ya wenzake. Kisha waweke nusu moja na theluthi moja, zikifuatana, juu ya kipande kizima. Waliosema 2/5 wachukue sehemu mbili kati ya zile tano na kuzilaza chini yake. Nusu peke yake ina sentimita 15, ilhali 2/5 ina sentimita 12. Yaani wameongeza kitu juu ya nusu, wakapata kilicho pungufu ya hiyo nusu. Hapo, mwalimu, ninakusihi unyamaze. Waache wabishane, wapime tena, washtakiane kwamba karatasi imekatwa vibaya. Mmoja wao akisha kusema kwamba jibu haliwezekani, waambie wachukue theluthi moja kati ya zilizobaki na kuikunja katikati. Kile kipande kidogo cha sentimita 5 huingia mara tatu katika nusu, mara mbili katika theluthi, na mara sita katika kipande kizima. Jumla ni 5/6, na sababu ya kutafuta namba ya chini inayolingana wameiona wenyewe.

Walimu wengi wanaojaribu njia hii huishia hapo, wakakusanya karatasi na kufungua somo jingine, na ndiyo sababu wakubwa wao husema watoto wamecheza tu. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alieleza katika miaka ya 1960 kwamba mtu hulishika jambo kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha, na kwa alama. Hatua ya katikati ndiyo tunayoiruka. Vipande vikiwa bado mezani, kila mtoto avichore daftarini, agawanye mchoro wake katika sita, atie rangi au mistari, na ndipo aandike 3/6 + 2/6 = 5/6 chini yake. Kesho yake mpe 1/2 + 1/5 kwa mchoro tu, bila karatasi, na baadaye kwa namba peke yake. Vipande vikitumika kila siku mwaka mzima navyo hugeuka kuwa mkongojo.

Mwambie direkta kwamba hutaomba siku nzima. Anza na somo moja kwa juma, katika mada ile tu inayowashinda watoto. Kuhusu makelele, gawa kazi: mmoja apime, mmoja aandike, mmoja alinde vifaa, mmoja aseme kwa niaba ya kikundi, na wawili wahakiki jibu. Waache wajadiliane kwa Kiswahili wakati mikono inafanya kazi, kisha maneno ya Kifaransa watakayokutana nayo kwenye mtihani yaandikwe ubaoni na kunakiliwa. Mkaribishe direkta aketi katika kikundi kimoja, na ukiweza, mwonyeshe madaftari ya kabla na ya baada.

Mkifika kwenye duara, omba chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Tieni alama ya chaki kwenye gurudumu, lisukumeni mpaka alama irudi chini, mpime umbali huo kwa uzi, mwugawe kwa kipenyo. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 40 litakwenda karibu sentimita 126, na kifuniko cha sufuria kitatoa uwiano uleule wa tatu na kidogo.

SWALI: Binti yangu anaambiwa kila mara alete vitu vya kazi ya mikono: vifuniko, waya, makopo. Je, ni wajibu wangu kuvinunua? (Mama wa mwanafunzi, Katindo)

JIBU: Hapana, mama. Kazi ya aina hii ikigeuka kuwa karo nyingine imepoteza maana yake, na mtoto asiyeleta kitu hapaswi kuachwa nje ya kikundi. Zungumza na mwalimu kwa upole, ukiwa na wazazi wengine, mkubaliane ni nini kinachopatikana nyumbani bila fedha. Lakini kuna jambo zito kuliko fedha. Mji wetu umepitia mapigano, na mabaki ya silaha ambayo hayajalipuka hufanana na chuma chakavu. Mtoto yeyote asitumwe kuokota vyuma wala waya jalalani au vichakani, hata kwa somo zuri namna gani. Mwambie binti yako kwamba akiona chuma asichokijua asikiguse, arudi kwa njia aliyoijia, na amwite mtu mzima. Na umwombe mwalimu alirudie agizo hilo mbele ya darasa zima.