Maswali yenu kuhusu ESG: alama nzuri si cheti cha wema

Hizi ESG zinapima nini hasa?

Mazingira, jamii na utawala wa kampuni (kwa Kiingereza environmental, social, governance). Herufi hizo zilianza kuvuma mwaka 2004, Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alipozialika taasisi kubwa za fedha zijadili namna ya kuyaingiza mambo hayo katika uwekezaji. Wengi hudhani zinapima wema. Wapimaji wengi, yaani kampuni zinazotoa alama hizo, huuliza swali la kibiashara tu: ukame, mgomo au bodi iliyolala vinaweza kumtia mwenye hisa hasara kiasi gani? Madhara yanayompata jirani wa kiwanda huhesabiwa pale yanapoelekea kuigharimu kampuni.

Inakuwaje kampuni ya mafuta iishinde ya magari ya umeme?

Unaizungumzia Mei 2022, Tesla ilipoondolewa kwenye fahirisi ya ESG (orodha ya hisa zilizochujwa kwa alama hizo) ya S&P 500 huku ExxonMobil ikibaki. Kwanza, kampuni hushindanishwa na za sekta yake, kwa hiyo ya mafuta hupimwa na za mafuta. Pili, Tesla ilikuwa inakabiliwa na madai ya ubaguzi wa rangi kiwandani Fremont, na hayo ni ya upande wa jamii. Kuyajumlisha yote yawe alama moja ndiko kunakozaa vituko. Wapimaji wenyewe hawaelewani: watafiti waliolinganisha alama za wapimaji 6 walikuta uwiano wa wastani wa 0.54 (1 ni kukubaliana kabisa), ilhali wanaopima uwezo wa kulipa madeni hukaribia 1.

Basi si ni ulaghai mtupu?

Mtupu, hapana. Ila mwaka 2015 Volkswagen ilikuwa imo kwenye fahirisi ya uendelevu ya Dow Jones ilipobainika kwamba magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Waliolifumua hawakuwa wapimaji wa ESG. Walikuwa watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia waliopima moshi barabarani, kisha wadhibiti wa Marekani wenye meno ya sheria.

Mwanauchumi Milton Friedman alisema kazi ya kampuni ni faida. Alikosea?

Katika makala yake ya 1970 aliweka sharti: ifuate kanuni za mchezo. Ni sawa, mpaka ukumbuke kwamba kampuni hulipa washawishi wakazunguke bungeni kanuni hizo zinapoandikwa.

Mchangiaji wa kawaida wa mfuko wa pensheni afanye nini?

Aachane na kuuliza kama mfuko una sera ya ESG. Upo usio nayo? Aulize ulipigaje kura kwenye mikutano mikuu. Mwaka 2021 Engine No. 1, kampuni ndogo ya uwekezaji yenye takriban asilimia 0.02 ya hisa za ExxonMobil, iliingiza wakurugenzi 3 kwenye bodi kwa sababu mifuko mikubwa iliiunga mkono. Somo hilo ExxonMobil ililielewa: mwaka 2024 iliwashtaki wawekezaji wawili waliopeleka hoja ya tabianchi, nao wakaiondoa.