Muulize Mwalimu: Projekti ya dagaa, fizikia na hesabu

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mi nafundisha biolojia kidato cha tatu, shule ya kata hapa Kigoma mjini, darasa limejaa kwelikweli. Kwenye semina tuliambiwa tufundishe kwa projekti zinazounganisha masomo, nikaipenda sana, ila nilivyorudi ofisini wenzangu wanasema silabasi haitaisha, wa hesabu kasema hana muda, na maabara yenyewe vifaa ni vya kuhesabu. Nianzie wapi? Na maksi zinatolewaje?
*Mwalimu, Mwanga*

JIBU: Mwalimu mwenzangu, usiwatafute wote. Mkikaa walimu watano kupanga projekti moja mtamaliza muhula mnapanga, tafuta mmoja tu, na hapo ningemfuata wa fizikia maana kidato cha tatu ana topiki ya usafirishaji wa joto na ya mvuke na unyevu hewani, wewe una uhifadhi wa chakula ambao walishaugusa kidato cha pili, kwa hiyo kazi ya kuunganisha imeshafanyika nusu. Wa hesabu atakuja mwenyewe akiona namba, takwimu si anafundisha mwaka huohuo?

Alafu anza na swali, usianze na masomo. Mfano hili: kwa nini dagaa wa kwenye kichanja wanakauka haraka kuliko wa mchangani? Mama za wanafunzi wako pale Katonga na Kibirizi, wanakoanika dagaa, wanaishi na hilo swali kila siku, mvua ikinyesha mzigo unaoza na hela imeenda.

Vifaa sio shida kama unavyofikiri. Nunua dagaa wabichi asubuhi mapema, gawa mafungu mawili yenye uzito sawa, moja mchangani, jingine kwenye wavu ulioinuliwa juu ya miti ili hewa ipite chini na juu, anzeni saa moja, na kila baada ya saa mbili wanafunzi wanapima kwa mizani ya kuazima dukani na kuandika. Pembeni tundika thermomita mbili za maabara, moja funga pamba yenye maji kwenye kichwa chake, ile tofauti ya nyuzi kati yake na ile kavu ndo inakwambia hewa ina unyevu kiasi gani. Dagaa mbichi zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo grafu itashuka vizuri tu na kila mtu ataiona. Na kuna sehemu moja naipenda sana: fungu la mchangani linaweza kuonekana limepungua uzito kidogo kumbe mchanga umeganda kwenye samaki na mizani inaupima na wenyewe! Usiwaambie. Waache wabishane mpaka mmoja aseme tuwakung'ute tupime upya, hapo ndo sayansi yenyewe inapofanyika.

Angalia kalenda lakini. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawafuati taa na wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo panga siku za giza (mwalimu wa jiografia hapo tayari ana kipindi chake). Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, likifungwa tena tumia mihogo, inakaushwa vilevile na swali linabaki lilelile.

Kuhusu silabasi, usiongeze vipindi, toa vile ambavyo ungeandika notsi za topiki hiyohiyo ubaoni, hivyo ndo vya projekti. Na umefanya vizuri kuwa na kidato cha tatu, hawana mtihani wa taifa mwaka huo. Maksi kila mwalimu anatoa za kwake kutoka kwenye daftari moja: wewe kwa nini samaki anaoza, fizikia maelezo ya joto na unyevu, hesabu grafu na asilimia. Ila kila mwanafunzi asimame peke yake aeleze grafu ya kundi lake hata dakika moja, la sivyo wawili watafanya na wanane watakula maksi.

Kitu kimoja nakusihi sana. Toka Elimu ya Kujitegemea ya 1967 shule zetu zina mashamba, na nyingi watoto walilima tu, hakuna aliyepima wala kuuliza, ikaishia kuwa kibarua. Siku utakayoona wanafunzi wanaanika dagaa bila daftari mkononi, simamisha kazi.

SWALI: Mwanangu anarudi ananuka dagaa anasema ni somo la fizikia. Nimlipie tuisheni?
*Mama, Ujiji*

JIBU: Subiri kwanza mama yangu. Mwambie akuoneshe daftari, akueleze kwa nini mstari mmoja wa grafu umeshuka haraka kuliko mwingine. Akieleza ukaelewa wewe uliyeanika dagaa miaka yote hiyo, hela ya tuisheni mnunulie thermomita. Akishindwa, nenda shule kamuone mwalimu wake, ukaulize projekti ina swali gani.