Hesabu za GRE zinanimalizia muda: nirudie madaftari ya Kidato cha Sita?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nina shahada ya biashara na najiandaa na mtihani wa GRE ili niombe nafasi ya shahada ya uzamili nje ya nchi. Hesabu niliziacha Kidato cha Nne. Kila nikijipima, muda wa sehemu ya hesabu unaisha nikiwa sijagusa maswali manne. Yanayonitesa zaidi ni yale ya kulinganisha Kiasi A na Kiasi B. Kuna moja nililokosa, nalileta kwa mfano wa kwetu: boti inatoka Mwanza kwenda Nansio kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, inarudi kwa njia ileile kwa kilomita 30 kwa saa. Kiasi A ni wastani wa mwendo wa safari nzima, Kiasi B ni 25. Nilijibu kwamba haiwezi kujulikana, maana umbali haukutajwa. Rafiki yangu anasema vinalingana. Nani yuko sahihi? Nirudie hesabu za Kidato cha Tano na Sita? Au GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, ingenifaa zaidi?

JIBU: Marahaba. Mmekosa wote wawili: Kiasi B ndicho kikubwa.

Chukua umbali wowote unaogawanyika kwa 20 na kwa 30, tuseme kilomita 60. Huo si umbali halisi wa Nansio, lakini hapa haidhuru. Kwenda ni saa 3, kurudi ni saa 2. Kilomita 120 kwa saa 5 ni 24. Weka kilomita 120 kwa upande mmoja: saa 6 na saa 4, kilomita 240 kwa saa 10, bado 24. Umbali unajifuta wenyewe, ndiyo maana hawakukupa. Rafiki yako alijumlisha 20 na 30 akagawa kwa 2. Njia hiyo ingekuwa sawa kama boti ingetumia muda ulio sawa kwa kila mwendo. Hapa kilicho sawa ni umbali, kwa hiyo boti inakaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, na wastani unavutwa kuelekea 20.

Sasa angalia jambo moja. Ukishajua kwamba wastani unavutwa kuelekea 20, umeshajua uko chini ya 25, na swali limekwisha. Ile 24 hukuihitaji. Uliulizwa kipi kikubwa, hukuulizwa ni ngapi. Dakika zako zinapotelea hapo: unakokotoa mpaka mwisho vitu ambavyo hakuna aliyeviuliza, kwa sababu shuleni tulipewa alama za kuonyesha njia. GRE haioni njia yako.

Kwa hiyo usirudie Kidato cha Tano na Sita. Kalkulasi haimo kwenye mtihani huu, na sine na kosine hazimo. Kilichomo ni hesabu za kawaida, aljebra, jometri, na usomaji wa takwimu pamoja na uwezekano: kwa sehemu kubwa ni madaftari ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Tukae kidogo kwenye kulinganisha, maana ndiko unakoumia. Majibu ni manne na hayabadiliki: A kubwa, B kubwa, vinalingana, haiwezi kujulikana. Yakariri, usipoteze sekunde kuyasoma. Kama pande zote mbili ni namba tupu zisizo na herufi, jibu la nne lifute hapohapo. Namba mbili zinazojulikana lazima zilinganishike. Asilimia 35 ya 80 na asilimia 80 ya 35, kwa mfano: zote ni 35 mara 80 gawa kwa 100. Vinalingana, na hujagusa kikokotoo.

Kukiwa na herufi, jaribu namba, na kosa kubwa ni kujaribu namba za kistaarabu tu, 2 na 3 na 5. Tuseme x ni chanya, Kiasi A ni x kwa kipeo cha pili, Kiasi B ni x. Ukiweka 2 unapata 4 dhidi ya 2, A kubwa. Ukiweka nusu unapata robo dhidi ya nusu, B kubwa. Majibu mawili tofauti yakishatokea, chagua "haiwezi kujulikana" na uondoke. Usitafute la tatu. Namba za kujaribu kila mara ni 0, 1, sehemu iliyo kati ya 0 na 1, namba kubwa, na namba hasi, lakini zile tu ambazo masharti ya swali yanaziruhusu. Na kama hawakusema ni namba nzima, basi si lazima iwe namba nzima.

Unaweza pia kupunguza pande zote mbili kwa pamoja, kama mizani. Kujumlisha au kutoa kitu kilekile ni salama daima. Kugawa au kuzidisha ni salama tu kama una hakika kile kitu ni chanya. Watu wengi huanguka hapa: Kiasi A ni 7x, Kiasi B ni 9x, mtu anafuta x, anabaki na 7 na 9, anachagua B. Weka x iwe hasi 1: hasi 7 ni kubwa kuliko hasi 9. Weka 0: vinalingana.

Michoro isikudanganye. Picha za jometri kwenye GRE si lazima ziwe zimechorwa kwa vipimo, kwa hiyo pembe inayoonekana nyuzi 90 si 90 mpaka waandike. Mstari wa namba na grafu za mihimili ya x na y huchorwa kwa vipimo. Hizo unaweza kuziamini kwa macho. Alama ya kipeuo cha pili nayo humaanisha jibu chanya tu: kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Lakini wakikuambia x kwa kipeo cha pili ni 9, x ni 3 au hasi 3. Tofauti hiyo ndogo inaweza kugeuza jibu zima.

Asilimia zinahitaji tahadhari ya lugha kuliko ya hesabu. "Asilimia 20 ya" na "asilimia 20 zaidi ya" ni vitu viwili: cha kwanza ni kuzidisha kwa 0.2, cha pili ni kuzidisha kwa 1.2. Kilo ya sangara ikiwa shilingi 10,000, ikapanda asilimia 20, kisha ikashuka asilimia 20, hairudi ilikotoka: 12,000 kisha 9,600. Na ukiambiwa bei baada ya kupanda asilimia 25 ni 12,500, ya mwanzo haipatikani kwa kupunguza asilimia 25, ambayo ingekupa 9,375. Gawa kwa 1.25, upate 10,000. Kuhesabu vitu navyo vina mtego wake: siti namba 15 hadi 60, zote mbili zikihesabiwa, ni 46. Ni 60 toa 15, kisha ongeza 1.

Muda. GRE ya sasa, tangu Septemba 2023, ina sehemu mbili za hesabu: maswali 12 kwa dakika 21, na maswali 15 kwa dakika 26. Ni kama sekunde 105 kwa swali, lakini usigawe sawasawa. Kulinganisha kupewe dakika moja, ya grafu na majedwali dakika mbili. Ukifika sekunde 90 na hujui hata unaelekea wapi, bahatisha, weka alama, songa mbele. Ndani ya sehemu hiyo unaruhusiwa kurudi. Jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo kuacha maswali manne wazi ni hasara ya bure. Ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza, basi usiikimbize ile ya kwanza ovyo. Kwenye maswali yanayotaka uchague majibu yote yaliyo sahihi, ukikosa moja umekosa swali zima.

Kuhusu GMAT: vyuo vingi vya biashara hupokea yoyote kati ya mitihani hii, ila hakikisha kwenye masharti ya chuo unachokitaka. Hesabu zake ni maswali 21 kwa dakika 45, bila kikokotoo. Kuna pia sehemu ya takwimu, maswali 20 kwa dakika 45, ambako kikokotoo kipo, na humo mna aina ya maswali yasiyotaka jibu kabisa. Yanauliza kama taarifa ulizopewa zinatosha. Mfano: mtu amenunua sato kwa 7,000 kila mmoja na sangara kwa 9,000 kila mmoja. Alinunua sato wangapi? Taarifa ya 1: alilipa 41,000 jumla. Taarifa ya 2: alinunua samaki 5.

Aliyezoea shule atasema: visivyojulikana viwili, milinganyo miwili, basi zinahitajika zote mbili. Amekosa. Samaki huuzwa mzima, hakuna nusu sangara hapa. Toa 9 moja moja kutoka 41: 32, 23, 14, 5. Kati ya hizo, na 41 yenyewe, inayogawanyika kwa 7 ni 14 peke yake. Sangara 3, sato 2, hakuna njia nyingine. Taarifa ya 1 inatosha peke yake. Ya 2 peke yake haitoshi. Kama aina hii inakufurahisha na hesabu za kichwa hazikutishi, GMAT ifikirie. Kama unategemea kikokotoo, baki na GRE.

Mazoezi: ETS, wanaoandaa GRE, hutoa mitihani miwili ya majaribio iitwayo POWERPREP bila malipo. Mmoja ufanye sasa, mwingine utunze hadi wiki ya mwisho. Kati yake fanya maswali 15 kwa siku kwa saa ya mkononi, na kila ulilokosa andika sababu kwa neno moja: kusoma, kanuni, hesabu, au muda. Baada ya wiki mbili utaona neno gani limejaa. Shughulika na hilo.

Ukiamua kufanyia mtihani nyumbani, kompyuta iwe na chaji ya kutosha, na ujue karatasi za kawaida haziruhusiwi. Unatumia ubao mweupe mdogo, au karatasi iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu, na kalamu inayofutika. Nunua sasa uzoee, kwa sababu ubao huo hujaa upesi, na anayeandika hatua kumi hujikuta anafuta namba ambayo bado anaihitaji.