Kabla hujapakia: kwa wanaoingia kazi ya video Nairobi

Barua pepe ile ilifika Jumatatu asubuhi, tukiwa watu wanne katika chumba kimoja cha kuhariria pale Ngong Road. Shirika moja la utangazaji la ng'ambo lilikuwa limeiona filamu yetu fupi kuhusu mafundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, na lilitaka kuinunua. Tulishangilia hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Kisha tukasoma mpaka chini. Walitaka vitu vitatu: masta, yaani nakala kuu ya filamu, isiyo na maandishi yoyote juu ya picha, sauti za muziki na za mandhari zikiwa peke yake bila mazungumzo, na karatasi za kuonyesha kwamba kila kilichomo ni chetu au tumeruhusiwa kukitumia. Walitupa wiki mbili. Hatukuwa na hata kimoja.

Manukuu ya Kiingereza, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, tulikuwa tumeyagandisha ndani ya picha yenyewe. Sauti zote tulizichanganya pamoja, kwa hiyo huwezi kumwondoa msimulizi ukaweka wa Kifaransa bila kupoteza mlio wa tezo na keekee, zana za fundi za kuchongea na kutobolea mbao, na mlio huo ndio uliokuwa roho ya filamu. Wimbo wa taarabu uliofungua filamu tuliurekodi arusini. Mwimbaji alituruhusu kwa mdomo, na kufikia siku hiyo alikuwa ameshafariki. Na faili za mradi wa uhariri? Tulizifuta ili kupata nafasi kwenye diski, tufanye kazi ya mteja mwingine. Wiki mbili zikapita, mnunuzi akatushukuru kwa adabu, akaenda zake.

Ninyi mnaoanza sasa mna kamera bora kuliko tuliyokuwa nayo, na mnasikia kila siku kwamba hadithi za Kenya zinatafutwa duniani. Ni kweli zinatafutwa. Lakini miaka niliyokaa katika kazi hii imenionyesha kwamba hadithi nyingi hazikwami kwa kukosa uzuri. Zinakwama kwa mambo ambayo yangefanywa siku ya kwanza kwa nusu saa, na ambayo baada ya miaka mitatu hayafanyiki tena hata kwa pesa.

Anzeni na haki. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993, na maana yake kwenu ni kwamba kazi yako inalindwa hapa na katika nchi wanachama tangu unapoirekodi, bila kulazimika kuisajili. Hata hivyo isajilini kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kwa kuwa siku ya ugomvi cheti chenye tarehe husaidia kuliko kumbukumbu ya marafiki. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni hili: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa na mteja uifanye huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Someni sentensi hiyo tena. Ukipigwa simu na shirika likakwambia, "Tupigie picha za soko la Gikomba, tutakulipa," na hamkuandikiana kitu, usije mwaka ujao ukadhani unaweza kuziuza picha zile mahali pengine. Mstari mmoja tu kwenye makubaliano, kwamba picha za ziada zitabaki zako, ungekuokoa.

Ubaya huo unaenda pande zote mbili. Mpiga kinanda aliyekuja kukusaidia, msimulizi, kijana aliyerusha droni: kila mmoja atie sahihi siku hiyo hiyo, kabla ya chai. Na mkataba uwe wa Kiswahili. Nimeona wenzangu wakimpa mzee wa Pate kurasa sita za Kiingereza za kisheria, anasaini kwa heshima tu kwa kuwa wageni wamekula kwake. Sahihi ya namna hiyo mimi siihesabu. Msomee kwa sauti, mwache aulize, mpe nakala. Maneno "leseni", "muda" na "eneo" anayaelewa vizuri kabisa akielezwa, maana amekodisha shamba na mashua maisha yake yote.

Fikirieni wimbo wa Malaika. Umeimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, umezunguka dunia nzima, na hadi leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga: wako wanaosema ni Fadhili William, aliyeurekodi hapa Kenya, na wako wanaomtaja Mtanzania Adam Salim. Pengine ndiyo sauti ya Kiswahili iliyosafiri mbali kuliko zote, na jina la mtungaji wake halijatulia. Hilo huniumiza kila ninapousikia ukipigwa katika hoteli za watalii.

Siku mnunuzi atakapokuja, tafuteni kwanza kifungu cha eneo na muda. Mikataba mingi inayoletwa kwetu huomba haki za dunia nzima, daima dumu, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa. Ukisaini hivyo umeuza shamba, hukukodisha. Omba iwe miaka mitatu au mitano, na itaje nchi au bara. Afrika Mashariki jiwekeeni wenyewe kadiri mnavyoweza, kwa sababu huko ndiko mtakakouza tena na tena.

Hapo nafika kwenye lugha, na hapa nitakaa kidogo.

Watu wakisikia soko la dunia hufikiria London na New York. Mimi nawaambia muanze na ramani ya Kiswahili. UNESCO inakadiria wasemaji zaidi ya milioni 200, na tangu 2021 imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mtazamaji wa Lubumbashi, wa Bujumbura, wa Mwanza, au muuguzi Mkenya anayefanya kazi Uingereza, hahitaji tafsiri ya kumfikia; anahitaji kukupata tu. Hakupati kwa sababu umeipa video kichwa cha Kiingereza, ukaandika maelezo kwa Kiingereza, na pale panapoulizwa lugha ya video ukapaacha kama palivyokuwa. Mtambo wa kutafutia video hutegemea sana unachouambia. Chagueni Kiswahili kwenye mipangilio, andikeni kichwa na maelezo kwa Kiswahili kwanza, kisha wekeni tafsiri ya kichwa kwa lugha nyingine.

Wekeni manukuu ya Kiswahili hata kama watu wanaongea Kiswahili. Mzee wa Matondoni anasema Kiamu, lahaja ya Lamu, na mtu wa Kitale atapotea dakika ya pili. Wako viziwi. Wako wanaotazama ndani ya matatu bila sauti. Tena manukuu hayo, yakiwa faili ya pembeni badala ya kugandishwa kwenye picha, ndiyo maandishi yatakayosomwa na mitambo ya kutafuta. Mkitegemea manukuu yanayojiandika yenyewe kwa mashine, yapitieni neno kwa neno. Majina ya watu na ya mahali ndiyo huharibika kwanza.

Tafsiri ya Kiingereza mpeni mtu anayeijua pwani. Sisi tulimpa mtafsiri hodari wa Nairobi, na kila chombo cha majini kikatoka "dhow". Jahazi likawa dhow, mashua ikawa dhow, dau likawa dhow, hata mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ukawa dhow. Filamu nzima ilihusu tofauti za vyombo hivyo, na mtazamaji wa ng'ambo akaona jina moja kwa kila kitu. Neno lisilo na mwenzake liacheni lilivyo, picha italieleza. Hali kadhalika matatu: msiibadilishe kuwa daladala ili kumpendeza Mtanzania. Anajua yuko Nairobi, na ndiyo raha ya kutazama.

Pesa nitaisema kwa ufupi, maana kanuni zake hubadilika. YouTube, kwa video ndefu, hudai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kuanza kukugawia mapato ya matangazo. Sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi ya huko, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani kiwango ni asilimia 30. Jazeni mapema fomu ya kodi ya Marekani ambayo YouTube huitaka, kwa sababu asiyeijaza anaweza kukatwa hata kwenye mapato yasiyotoka Marekani. Nyumbani, Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta makato ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi wa Kenya. Wekeni risiti. Na msiweke matumaini yote kwenye matangazo. Leseni moja ya picha zenu kwa mtangazaji wa nchi jirani inaweza kuzidi mgao wa matangazo wa mwaka mzima.

Mkumbuke pia anayelipia kwa bando. Video ya dakika 40 kwa ubora wa juu kabisa ni nzuri ukiwa na waifai ya ofisi. Binti wa Kayole mwenye bando la siku moja anahitaji toleo la dakika sita, na wakati mwingine sauti pekee inayotumwa kwa WhatsApp. Kwetu, toleo la sauti la simulizi za mafundi lilitembea kuliko filamu yenyewe.

Sasa kutunza. Kazi ikishapakiwa watu hudhani imehifadhiwa. Mtandao wa kutazamia video ni duka, na duka hufungwa. Mwenzangu mmoja alitengeneza masomo mazuri ya watoto, ya kubofya na kuchezea, kwa teknolojia ya Flash. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ilikomesha Flash, na vivinjari vikaacha kuifungua. Masomo yale yapo kwenye diski hadi leo, hayafunguki kwa njia ya kawaida, na hakuwa ameweka michoro ya awali. Tuna pia kanda za MiniDV za miaka ya 2000 kwenye maboksi. Kanda zimo, lakini mashine za kuzichezea zinakufa moja baada ya nyingine, na mafundi wa kuzirekebisha hapa mjini wanahesabika.

Desturi yetu sasa ni nakala tatu: mbili kwenye diski za aina tofauti, na ya tatu nje ya jengo. Tuliwahi kuweka diski mbili kwenye droo moja, wezi wakachukua droo yote. Kila Januari tunafungua faili za zamani, tusitosheke na kuona majina yake. Na jina la faili liseme kitu: tarehe, mahali, anayeongea, lugha. Ukitaka kuelewa kwa nini, nenda siku moja Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue uangalie picha za zamani. Picha yenye majina ya watu hukusimulia habari zao. Isiyo na majina, unatazama nyuso tu na huna wa kumuuliza. Anwani ya tovuti yenu, ile inayoishia na .ke, isajilini kwa jina la kampuni na si kwa barua pepe ya kijana atakayehama kazi mwezi ujao.

Filamu ya Matondoni hatukuiacha. Tulirudi miaka mitano baadaye na mkataba wa kurasa mbili za Kiswahili, tukaketi na watoto wa yule mwimbaji, tukaufungua na kuusoma wote. Walikataa kifungu kimoja, tukakibadilisha. Tulirekodi upya milio ya kazi, kila mmoja peke yake: tezo, keekee, msumari unapoingia kwenye ubao. Tukahariri tena kuanzia mwanzo, safari hii bila maandishi juu ya picha.

Kabla ya kuifunga masta tuliionyesha pale kijijini, usiku, kwenye ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa. Watu walikuwa hawajawahi kuiona. Katikati ya filamu fundi mmoja mzee alisimama mbele ya mwanga, kivuli chake kikajaa ukutani, akaelekeza kidole kwenye manukuu. "Hapo mumeandika mashua," akasema. "Lile ni dau. Nililiunda mimi." Tulisimamisha picha, nikafungua faili ya manukuu kwenye laptopu, nikalibadilisha neno yeye akiwa ameniinamia begani, na sikuendelea mpaka aliposema sawa.